ELIMU YA WAFANYAKAZI: Kushika Jambo Kichwani Mpaka Siku ya Shauri



Somo letu safari hii linahusu kumbukumbu. Wapo watakaouliza kumbukumbu na chama vinahusiana vipi. Jibu tutalipata katika chumba ambamo mashauri ya nidhamu husikilizwa. Upande mmoja wa meza ameketi afisa utumishi, mbele yake faili. Ndani ya faili mna tarehe, saa, namba ya barua ya onyo na sahihi ya nyapara. Upande wa pili ameketi mfanyakazi pamoja na mwakilishi wa tawi lake. Mfanyakazi anaulizwa, "Ilikuwa siku gani?" Anajibu, "Nadhani Jumanne, kama si Jumatano." "Kapu lako lilikuwa na kilo ngapi?" "Nyingi." "Nani walikuwepo?" "Watu walikuwa wengi pale."

Huenda mfanyakazi huyo anasema kweli tupu. Lakini kweli isiyokuwa na siku, saa wala jina la mtu haisimami mbele ya faili. Kila mwakilishi aliyezoea kazi hii anajua kwamba mashauri mengi huharibika hapo, kabla hata sheria haijafunguliwa.

Faili lile liliandikwa siku ileile, na mtu aliyekaa kivulini mwenye kalamu. Mfanyakazi naye alikuwa na kapu mgongoni na mikono imelowa, au alikuwa mbele ya mashine isiyongoja. Hakuna anayekata miwa huku anaandika. Wengine watasema siku hizi kuna simu. Ni kweli, na mwenye simu aitumie. Lakini simu haiingii kila mahali. Kuna viwanda ambavyo mfanyakazi huiacha getini, na shambani mvua na jasho haviipendi.

Kwa hiyo kazi tunayotaka kichwa kifanye ni ya kichukuzi. Kichukue jambo pale lilipotokea, kilifikishe jioni kwenye daftari. Halafu, siku ya shauri, kilitoe kwenye daftari kilifikishe mezani. Safari hizo mbili zina mbinu zake. Zinafundishika, na mtu yeyote anaweza kuzijifunza, aliyesoma na asiyesoma.

JAMBO HUPOTEA KWA KASI GANI?

Mwaka 1885 Mjerumani aitwaye Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu kuhusu kusahau. Alijifanyia majaribio mwenyewe: alijifunza safu za silabi zisizo na maana mpaka akazishika zote, kisha akajipima baada ya muda ni kazi kiasi gani inahitajika ili azishike tena. Aligundua kwamba baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya faida ya kazi yake ilikuwa imekwisha potea. Baada ya siku moja ilibaki kama theluthi. Baada ya hapo upotevu ulipungua mwendo. Kilichobaki kiliondoka polepole.

Silabi zisizo na maana husahaulika upesi kuliko matusi ya nyapara, hilo linaeleweka. Hata hivyo ile sura ya upotevu, haraka mwanzoni na polepole baadaye, imeonekana tena na tena katika majaribio mengine. Maana yake kwetu ni kwamba saa ya kwanza ndiyo ya hatari. Anayengoja mwisho wa juma ili aeleze tawi lake kilichotokea Jumatatu, ameleta mabaki.

Jambo la pili la kujua ni udogo wa mkono wa akili. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba mtu huweza kushika kwa mara moja vitu kama saba hivi. Watafiti waliomfuata wamepunguza hesabu hiyo, na wengi sasa hutaja vitu vinne. Basi ukitaka kubeba mambo sita au kumi huna budi kuyafunga mafungu, kama mtu afungavyo kuni.

MKONO WAKO NI FOMU

Mbinu ya kwanza haihitaji chochote ila mkono mmoja. Kila kidole kinashika swali moja ambalo utaulizwa siku ya shauri.

Kidole gumba ni NANI. Gumba hujitenga na wenzake na huwakandamiza; mweke hapo yule aliyetenda au aliyetoa amri, kwa jina na kwa cheo.

Kidole cha shahada ni SHAHIDI. Jina lake lenyewe linakukumbusha. Taja wawili kwa majina, usiseme "watu wengi". Kwenye foleni ya mizani, mmoja alikuwa mbele yako na mwingine nyuma yako. Hao wanatosha.

Kidole cha kati ni LINI. Ndicho kirefu, kimesimama katikati kama jua la adhuhuri. Siku, tarehe na saa. Kama huna saa, tumia alama za kazi yenyewe: mzigo wa pili, kabla ya king'ora cha chakula, baada ya zamu ya usiku kuingia.

Kidole cha pete ni MANENO. Pete ni ahadi, na ahadi ni maneno. Shika maneno yenyewe yaliyotamkwa, hata kama ni machache, na kwa lugha ileile yaliyotamkwa. Tofauti kati ya "usije kesho" na "kesho huna kazi" inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kusimamishwa na kufukuzwa.

Kidole cha mwisho, kile kidogo, ni KIASI. Kilo, shilingi, saa za ziada, idadi ya magunia. Hesabu ndogo ndogo ndizo zinazotupotea kwanza.

Na kiganja, ambako vidole vyote vimesimama, ni WAPI.

Tuchukue mfano. Ni Jumatano katika shamba la chai. Mizani inaonyesha kilo 38, karani anaandika 33, anasema kilo tano ni za maji na gunia. Mchumaji hana kalamu. Anarudi kwenye mistari ya chai, na akiwa anatembea anashika gumba: karani fulani. Shahada: fulani mbele yangu, fulani nyuma yangu. Kati: Jumatano, mzigo wa pili. Pete: "kilo tano ni za maji na gunia." Kidogo: 38, 33. Kiganja: kibanda cha mizani cha chini, karibu na mto. Anapita tena vidole vyote mara ya pili baada ya kama robo saa, na mara ya tatu anapokula. Jioni anaandika. Kama hajui kuandika, anamwendea mwakilishi wake na kumhesabia vidole, naye mwakilishi anaandika na kumsomea alichoandika.

Inachukua chini ya dakika moja kila mara. Ukipita vidole ukakuta kimoja ni kitupu, kwa mfano hukumwangalia aliyekuwa nyuma yako, bado una muda wa kuuliza. Wiki ijayo hutakuwa nao.

MADAI SITA NJIANI

Mbinu ya pili ni ya msemaji. Tuseme tawi limekutuma uende na madai sita mbele ya meneja. Karatasi uwe nayo mfukoni, lakini msemaji anayesoma huku ameinamisha kichwa hawezi kuona uso wa anayejadiliana naye.

Wagiriki wa kale walikuwa na hadithi juu ya asili ya mbinu hii, na Cicero, msemaji mkuu wa Kirumi, aliiandika. Mshairi Simonides alikuwa karamuni. Akaitwa nje, alipotoka tu, paa likaanguka na kuwaua wote waliokuwa ndani. Maiti zilipondeka hata ndugu hawakuweza kuzitambua. Simonides aliweza kuwataja mmoja mmoja kwa sababu alikumbuka kila mtu alikuwa ameketi wapi. Hapo, inasemekana, akaona kwamba mahali ndipo panaposhika kumbukumbu.

Msomaji wa kiwandani hatashindwa kuwaza mengine anaposikia habari ya paa. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji wa nguo, na kutambua maiti ilikuwa kazi ndefu na chungu. Kujua kwa majina nani anakaa kushoto kwako na nani kulia kwako, na nani alikuja zamu leo, si jambo dogo.

Turudi kwa meneja. Chagua njia unayoijua hata gizani: kutoka nyumba yako ya kambini mpaka kazini. Hesabu vituo sita, kwa mfuatano ambao huwezi kuukosea. Mlango wako, bomba la maji, mti wa njia panda, zahanati, ofisi, kibanda cha mizani. Sasa weka dai moja kwenye kila kituo, kwa picha ya ajabu, hata ya kuchekesha. Picha ya kawaida haishiki.

Mlangoni, maji yanamwagika toka juu kama maporomoko: nyumba zinavuja. Kwenye bomba, badala ya maji zinatoka gambuti, moja baada ya nyingine: viatu vya mpira. Mtini wananing'inia watoto wachanga kama mafenesi: likizo ya uzazi. Penye zahanati mganga amebeba pampu ya dawa ya kunyunyizia mgongoni, macho yamemwiva: vifaa vya kujikinga kwa wapiga dawa. Ofisini, saa kubwa ya ukutani imekaa katika kiti cha meneja inakula ugali wetu: malipo ya saa za ziada. Na mizani ina meno, inatafuna majani: kilo zinazokatwa.

Ndugu msomaji, funga macho sasa uipite njia hiyo. Wengi wenu mtafika mwisho bila kukosa hata kituo kimoja, na hamkukusudia kuyashika madai ya watu wengine.

Faida yake kubwa inaonekana pale unapokatizwa. Meneja mjuzi huacha msemaji afike dai la tatu, kisha huuliza swali la pembeni kuhusu bei ya chai katika soko la dunia. Mazungumzo yakirudi, msemaji amepotea, na madai matatu yaliyobaki hayasemwi. Mwenye njia kichwani anajua kwamba alikuwa penye mti. Anaendelea mpaka zahanati.

Usidhani hiki ni kipaji cha wachache. Mwaka 2017 watafiti waliofanya kazi Uholanzi walitoa matokeo ya jaribio la watu wa kawaida waliofundishwa mbinu hii ya mahali, nusu saa kila siku kwa siku 40. Walipewa maneno 72. Kabla ya mafunzo walikumbuka chini ya nusu. Baada yake walikumbuka zaidi ya 60, na miezi minne baadaye ujuzi ulikuwa bado upo.

Wala tusidhani ni elimu ya Ulaya peke yake. Kwa jirani zetu Waluba, kusini-mashariki mwa Kongo, kulikuwa na chama kiitwacho Mbudye ambacho wajuzi wake walitunza habari za ufalme. Chombo chao kiliitwa lukasa: ubao wa kushikika mkononi, uliopangwa shanga na kauri au kuchongwa alama. Mjuzi aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, na kadiri alivyogusa ndivyo alivyosimulia wafalme, safari na mahali patakatifu. Ubao haukusema lolote wenyewe. Ulimpa mjuzi njia ya kupita, kama ile yako ya kutoka mlangoni mpaka kwenye mizani.

NAMBA

Namba ndizo zinazowasumbua wengi, kwa sababu hazina sura. Dawa yake ni kuzipa sura. Sisi tumepanga hizi. Kikundi chenu kinaweza kupanga nyingine, mradi mkishapanga msibadilishe.

Sifuri ni yai. Moja ni fimbo. Mbili ni macho. Tatu ni mafiga. Nne ni chuchu za ng'ombe. Tano ni mkono. Sita ni nzi, mwenye miguu sita. Saba ni jembe. Itazame ilivyoandikwa utaona mpini na bamba lake. Nane ni buibui, mwenye miguu minane. Tisa ni mama mjamzito, kwa miezi yake tisa.

Tuzijaribu kwa namba zinazotuhusu, yaani mikataba ya Shirika la Kazi Duniani, ILO. Mkataba Na. 87 wa mwaka 1948 ni wa uhuru wa kujumuika na kuunda vyama. Nane na saba: buibui amesuka utando kwenye majembe yaliyolala chini, kwa kuwa wenye majembe wote wamekwenda mkutanoni. Na. 98 wa mwaka 1949 ni wa haki ya kujiunga na kujadiliana kwa pamoja. Tisa na nane: mama mjamzito ameketi mezani anabishana mshahara na buibui mnene aliyevaa tai. Na. 155 wa mwaka 1981 ni wa usalama na afya kazini. Fimbo, mkono, mkono: mikono miwili imefungwa kwenye fimbo ili isiingie kwenye mashine. Na. 190 wa mwaka 2019 ni wa kukomesha ukatili na unyanyasaji kazini. Fimbo, mjamzito, yai: fimbo imeinuliwa juu ya mama mjamzito aliyebeba yai. Picha hiyo ya mwisho haikuhitaji kutafutwa sana.

Namba ndefu, kama ya mashine au ya kitambulisho, igawe. 9101962 ni tarakimu saba, lakini kwa Mganda ni kitu kimoja: 9 Oktoba 1962, siku ya uhuru. Namba yako ya mshahara nayo huenda ina mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wako ndani yake. Itafute.

Katika jaribio lililotangazwa mwaka 1980 huko Marekani, mwanafunzi mmoja ambaye mwanzoni alishika tarakimu saba tu kama sisi sote, baada ya mazoezi ya saa zaidi ya 230 alifikia kushika tarakimu karibu 80 kwa kusikia mara moja. Alikuwa mkimbiaji, na alizigeuza tarakimu kuwa muda wa mbio: dakika kadhaa na sekunde kadhaa kwa maili moja, na kadhalika. Lakini alipopewa herufi badala ya tarakimu, alirudi palepale alipoanzia, herufi kama sita. Kichwa chake hakikuwa kimekua. Alikuwa amejifunza kazi moja. Kwa hiyo msipoteze jioni zenu kwa michezo ya kukariri karata. Fanyeni mazoezi kwa vitu mnavyohitaji: kilo, tarehe, majina, vifungu vya mkataba wenu wa hiari.

VINA NA MIZANI

Hatua za usalama zisizobadilika hushikwa vizuri na wimbo. Washairi wa Kiswahili huita hesabu ya silabi katika mstari "mizani", neno lilelile la chombo kinachotupimia chai. Mstari wenye mizani kamili ukipotelewa na neno moja, sikio linajua mara moja kwamba kuna kitu kimepungua. Ndiyo maana elimu ndefu ilipita vinywani kwa karne nyingi bila kumomonyoka. Kwa fundi anayesafisha mashine, tumetunga huu:

Zima, fungia, jaribu, ndipo mkono utie;
Chuma hakina aibu, kwamba kikuhurumie.

Hatua tatu ziko katika kipande cha kwanza, kwa mpangilio wake: zima umeme, fungia swichi kwa kufuli, jaribu kuwasha uone kama kweli haiwaki. Ukiruka moja, mstari unachechemea. Wenye sauti nzuri kiwandani watungie hatua za mashine zao wenyewe. Mwenye kujua mashine ndiye atunge.

KUMBUKUMBU HUCHEZEWA

Sasa tuseme jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Kumbukumbu iliyo wazi kabisa inaweza kuwa si kweli, na mwenyewe asijue. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, huko Marekani, waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa katika mwendo gani. Walioulizwa magari "yalipogusana" walikadiria maili kama 32 kwa saa. Walioulizwa magari "yalipopondana" walikadiria maili kama 40. Ajali ni zilezile. Kilichobadilika ni neno la muulizaji. Katika jaribio la pili waliulizwa, baada ya wiki, kama waliona vioo vilivyovunjika. Hakukuwa na vioo vilivyovunjika. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno "kupondana", 16 walisema waliviona. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno "kugongana", ni 7 tu.

Peleka habari hiyo katika chumba cha shauri. "Ulipokuwa unamfokea nyapara, ulikuwa umesimama wapi?" Mfanyakazi anafikiri anaulizwa mahali aliposimama, anajibu penye mlango, na tayari amekubali kwamba alifoka. Baya zaidi, baada ya kuulizwa hivyo mara tatu anaweza kuanza kukumbuka akifoka. Mwakilishi wa tawi azuie swali la namna hiyo papo hapo na kuomba ligawanywe. Mfanyakazi naye, kabla ya kujibu chochote, aombe aeleze kwanza kwa mpangilio wake mwenyewe, na apite vidole vyake.

Kosa hilihili tunalifanya sisi wenyewe kambini. Jambo likitokea, jioni watu kumi wanakaa pamoja, kila mtu anaongeza chumvi, na kufikia usiku wote wana hadithi moja nzuri ambayo hakuna aliyeiona yote. Afisa utumishi akiwahoji mmoja mmoja, hadithi inapasuka. Utaratibu mzuri ni huu: kila shahidi aandike, au aandikiwe, peke yake kwanza. Mkishaandika ndipo mzungumze. Mkikuta mnatofautiana, acheni tofauti zibaki katika karatasi. Mashahidi wanne wanaotofautiana kuhusu rangi ya shati la karani na kukubaliana kuhusu kilo 38 wanaaminika zaidi kuliko wanne waliosema neno kwa neno.

FUNGA DAFTARI

Safari ya pili ya kumbukumbu ni kutoka daftarini mpaka mezani, na hapa watu hukosea kwa kusoma mno. Anasoma maelezo yake mara tano usiku wa kuamkia shauri, anaona yanapita vizuri machoni, anadhani anayajua.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Kundi moja lilisoma kwa vipindi vinne. Kundi lingine lilisoma kipindi kimoja, kisha vipindi vitatu likafunga karatasi na kujaribu kuandika kila lilichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma mara nne walikumbuka sehemu 40 kwa 100, waliojihoji walikumbuka 61.

Basi ukishaandika, funga daftari useme kwa sauti kidole kwa kidole, halafu fungua uone ulichoacha. Fanya hivyo usiku uleule, kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya juma, na siku moja kabla ya shauri. Mke, mume au mtoto wa shule anaweza kukushikia daftari na kukuhoji. Na usiku wa kuamkia shauri lala. Usingizi husaidia kutuliza yale yaliyojifunzwa, na mtu aliyekesha hukosa hata jina la shahidi wake.

ZOEZI KWA KIKUNDI CHA WATU WATANO

1. Mmoja atunge tukio la kazini lenye mtu, mahali, saa, maneno, kiasi na mashahidi wawili, alisimulie mara moja. Zungumzeni habari nyingine kwa nusu saa. Kisha kila mmoja, mbali na wenzake, amweleze msimuliaji kwa vidole. Hesabuni ni kidole gani kilikuwa kitupu kwa wengi.

2. Kila mmoja ataje vituo sita vya njia yake ya kazini, kisha ayaweke madai sita ya tawi lenu. Wengine wamkatize katika dai la tatu kwa maswali ya pembeni. Aendelee.

3. Tengenezeni picha za mikataba hii: Na. 100 wa mwaka 1951, malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa kati ya wanaume na wanawake, Na. 110 wa mwaka 1958, wafanyakazi wa mashamba makubwa, Na. 138 wa mwaka 1973, umri wa chini wa kuajiriwa. Mhojiane baada ya juma moja bila kutazama.

4. Andikeni maswali matatu ya shauri ambayo ndani yake limefichwa jambo ambalo halijathibitishwa, kama lile la kufoka. Kisha kila swali ligawanyeni katika maswali mawili ya haki.